Meno Yako Mawili na Bidoni Yangu

Mwanangu Hadija,

Salamu nimezifupisha, maana umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako kabla ya safari yako ya kesho, na sidhani kama afya yako imebadilika tangu uvuke barabara. Ninamwandikia mtu atakayerudi jioni hii kula wali wangu. Baba yako amenikuta na kalamu mkononi akauliza ni nani amekufa. Nimemwambia hajafa mtu, nenda kaswali alasiri. Ameenda, lakini amegeuka kuniangalia mara mbili.

Nakuandikia kwa sababu jana uliniuliza jambo la maana nikakujibu upuuzi. Ulikuwa unapiga pasi yale magauni meupe ya shule ya uuguzi, ukasema bila kuniangalia: "Mama, ungekuwa weye, ungeyaokoa ao ungeyang'oa?" Nami nikasema ningekuwa mimi ningemwomba daktari aweke pembe mbili za tembo, njaa ikija tuuze. Ulicheka, ukavuta ushungi ukaziba mdomo. Mwezi mzima sasa unacheka ndani ya kitambaa. Kisha ukaendelea na pasi, na mimi nikatoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Unanijua. Mdomo wangu ukifunguka, mzaha unatoka kwanza na akili inafuata nyuma ikichechemea. Kwa kalamu ninaweza kuungoja mzaha upite. Basi sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala kuficha simu ukipanda basi, wala vijana wa Bujumbura wanaovaa miwani kivulini. Hayo shangazi yako anakuambia saa hizi, na akimaliza ataanza upya. Mimi nitakuambia habari za meno tu, yangu kwanza, yako baadaye.

Tuanze na boti. Tangu ukiwa mdogo unajua kwamba mama yako alipoteza meno mawili ya mbele kwenye boti ya Kabonga, siku ya dhoruba, alipojitupa kumdaka mtoto wa watu asitumbukie ziwani, akagonga ubavu wa boti. Hadithi hiyo uliiandika shuleni kwa Kifaransa, mwalimu akakupa kumi na nane juu ya ishirini, akaisoma mbele ya darasa. Karatasi ile bado ninayo, nimeiweka pamoja na vyeti.

Mwanangu, hapakuwa na boti. Dhoruba ilikuwapo, maana ziwa letu halikosi dhoruba, lakini mimi siku ile nilikuwa nchi kavu, nimekaa kwenye kigoda katikati ya soko la Rumonge, nimefunua mdomo mbele ya fundi wa meno mwenye sanduku. Na yule mtoto niliyemwokoa alianza kuonekana katika hadithi ulipokuwa na miaka saba, kwa sababu uliniuliza, "Sasa ulikuwa unaruka kwenda wapi?" nikamzua palepale.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa na miaka ishirini kama wewe, nimeshachumbiwa na baba yako. Nilikuwa nashona magunia ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, na uzi wa nailoni niliukata kwa meno, kama tulivyofanya wote, maana mkasi ulikuwa mmoja na kila siku ulikuwa kwa jirani. Jino moja la mbele likamegeka pembeni, likaanza kuuma. Nikaenda hospitali. Mama mmoja wa meno pale, mkali, mwenye mikono yenye nguvu kama ya mkamuaji wa mawese, akaniangalia akasema: "Hili tutaliokoa. Utarudi mara nne." Mara nne! Mimi nilikuwa na harusi, nilikuwa na hina, nilikuwa na wifi wa kukasirikia. Nikarudi mara moja tu.

Nikiwa njiani nikamwona fundi. Alikuwa ametandika kitambaa chekundu, juu yake meno ya dhahabu yamepangwa mstari. Wakati ule bibi harusi mwenye dhahabu mdomoni alikuwa anasemwa mpaka Gitaza. Nikamwonyesha jino langu. Akalitazama kwa huruma kubwa, akasema, "Dada, dhahabu moja inaonyesha mtu aliishiwa njiani. Mbili ndiyo bibi arusi." Nikamwambia jino la pili halina ugonjwa. Akasema, "Litaugua tu, ngoja."

Hadija, nilikubali. Aling'oa la ugonjwa, akang'oa na lile zima lililokuwa limekaa kimya pembeni halijamkosea mtu. Akaniwekea sahani ya plastiki yenye meno mawili yanayong'aa. Siku ya harusi, wiki tatu baadaye, dhahabu ile ilikuwa imegeuka rangi ya sarafu iliyokaa matopeni. Ndiyo maana kwenye picha zote za harusi nimebana midomo. Wewe uliwahi kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama nililazimishwa kuolewa. Hapana, mwanangu. Baba yako nilimpenda kupita kiasi. Nilikuwa naficha meno ya kijani.

La ugonjwa nilishalisahau. Lile zima ndilo linaloniuma mpaka leo, na halipo.

Baadaye nikapata sahani nyingine yenye meno meupe, ndiyo hiyo unayoijua, na nayo imenifundisha adabu. Sahani ya meno ni kama mgeni ndani ya nyumba: anakaa vizuri mpaka siku unayomhitaji. Mahindi ya kuchoma nimeyaacha. Embe nalikata kwa kisu kama mkoloni. Na chafya ninaiogopa kuliko mamba. Hapo ndipo linapoingia jina langu la sokoni. Unadhani wananiita Mama Gunia kwa sababu ninauza magunia mengi. Nimekuacha udhani hivyo kwa furaha.

Siku moja nilikuwa najaza gunia la ndagala kavu la Mama Furaha, yule Mkongomani wa Baraka, mwenye sauti inayosikika ng'ambo zote mbili za ziwa. Vumbi la ndagala likanipanda puani. Nikapiga chafya, na meno yangu yakaruka yakaingia guniani. Mtu mwenye akili angesema: ngoja, mama, meno yangu yamo humo. Lakini walikuwapo wapakizi wanne na wanawake wa meza za jirani, na mimi nilikuwa na kiburi changu cha mtu mwenye meno. Nikaziba mdomo kwa ushungi, nikaonyesha kwa kidole: shoneni. Wakashona. Gunia likapanda boti na meno yangu yakavuka kwenda Kongo bila karatasi.

Siku kumi na sita nilitembea nimejiziba mdomo, nikisema nina uvimbe wa shavu. Siku ya kumi na saba Mama Furaha akashuka kutoka botini na kifundo cha kitenge mkononi. Hakusubiri hata kunifikia. "Mama Hadija! Njoo uone! Mi nilionaka mawe mu gunia, nilionaka muchanga, lakini meno ya mutu, ile sijaonaka!" Soko lote likasimama. Nikayachukua, nikashuka ziwani nikayaosha, nikayavaa, nikarudi kumwambia asante sana. Akanikumbatia. Akasema ndagala yenyewe ilikuwa nzuri.

Nakusimulia haya ucheke, na ninaomba unapocheka uko peke yako, umeacha ushungi mabegani. Lakini nakusimulia pia kwa sababu nimeanza kuona jambo. Mimi huwa napoteza kitu kwa sekunde moja, halafu natumia miaka mingi kuficha jinsi nilivyokipoteza. Kuficha ndiko kunakonila zaidi.

Sasa tuje kwenye meno yako.

Bidoni ile, lile dumu la mawese, unaikumbuka kuliko mimi. Mteja amesimama, basi lake linapiga honi, na kifuniko kimegoma kwa sababu vijana wapakizi walikuwa wameweka nailoni chini yake ili mawese yasivuje, kisha wakakaza kwa nguvu zao zote. Ukasema, "Mama, tutafute koleo." Nami mbele ya mteja nikasema, "Koleo ya nini? Si uko na meno? Masomo imekuharibu!" Ukaniangalia. Kisha ukainama, ukang'ata, ukazungusha, maana wewe umelelewa vizuri na mimi nimekulea kunitii. Bidoni ikateleza juu ya meza yenye mafuta. Mlio ule nausikia nikiwa napika, nausikia nikiwa naswali.

Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna mtu mzima mwenye akili angelifanya nje ya nyumba yetu. Nilikiona kipande cha jino lako chini, cheupe, kikubwa kama punje ya mahindi, na kingine kidogo. Nikaviokota, nikatoka nje, nikavirusha juu ya mabati. Nikasema maneno yote tunayosema kwa watoto: mjusi, chukua jino bovu, lete jino jipya. Kwa msichana wa miaka ishirini! Jino likitoka, mikono yangu inajua jambo moja tu la kufanya.

Kisha siku tisa za karafuu na maji ya chumvi. Kila jirani nilimwambia umeteleza kwenye ngazi za msikiti. Siku ya kumi ndipo tukapanda basi kwenda Bujumbura kwa yule daktari kijana, mwenye uso kama ameachishwa ziwa juzi. Uliona nilivyokaa. Alikuuliza wewe, nikajibu mimi. Mara ya tatu akasema, "Mama, niko nauliza yeye." Akauliza yalivunjikaje, nikasema ngazi. Akauliza lini, nikasema juzi. Ulinigeukia, ukafungua mdomo, ukaufunga. Akauliza vipande viko wapi, na hapo tu nikasema kweli, maana uongo mwingine haukuja upesi: "Iko juu ya nyumba."

Maskini, alidhani Kiswahili chake ndicho kimekosea. Nilipomweleza habari ya mjusi, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akasema kile kipande kikubwa pengine kingeweza kugandishwa mahali pake, tukikipata tukiweke kwenye maji ya chumvi kidogo tumletee. Ndiyo maana baba yako alikaa juu ya mabati siku nzima ya Jumapili, jua linampiga, na watu wanamuuliza kama nyumba inavuja. Alishuka na ndala yangu iliyopotea na jino moja kubwa lenye mizizi. Tukalifurahia mpaka nilipoliosha. Lilikuwa la mbuzi.

Daktari alikupa njia mbili, na mimi nilizisikia vizuri, ingawa nilijifanya nahesabu vigae vya sakafu. Njia ya kwanza, anatoa mshipa uliokufa, anasafisha mzizi, anaweka nguzo ndani na kofia juu. Jino linabaki lako, mzizi wako, mfupa wako. Ni kazi ya kurudi mara nyingi, na hana hakika, hasa kwa lile la kushoto lililokatika karibu na ufizi. Njia ya pili, anang'oa yote mawili, anapanda visi, yaani skrubu za chuma, ndani ya mfupa, mnangoja miezi mfupa uzishike, kisha meno mapya juu. Yanapendeza sana, alituonyesha picha. Lakini akasema, na hili nililisikia kuliko yote: "Yako yakishindwa, visi itakuja tu kiisha. Lakini ukishang'oa, jino hairudi."

Na mimi, mama mwenye sahani mdomoni, nilizipigia debe visi toka siku ile. Nilisema chuma hakiozi. Nilisema hutakuwa na habari ya kutoboka wala kuuma. Nilimuuliza daktari kama visi zinaweza kufungua bidoni, na yeye akanijibu, "Mama, meno ya chuma nayo si koleo." Shangazi yako akaungana nami, akasema bibi harusi mwenye visi hataogopa hata mahindi. Ulitusikiliza wote kwa adabu. Ulidhani nataka upate kizuri kuliko nilichopata mimi.

Hiyo ni nusu. Nusu nyingine nakwambia sasa, na naomba uisome umekaa.

Daktari alipokuwa anakupaka ile dawa nyeupe ya muda, alisema anataka kujua pigo lilikuja vipi, maana mtu akianguka, ufa unakaa mahali pengine, na mtu akizungusha kitu kwa meno, ufa unaweza kushuka ndani ya mzizi usionekane haraka. Mzizi ukipasuka kwa urefu, hauokoki. Alisema hayo akiniangalia mimi. Nikarudia: ngazi. Nilitaka yang'olewe, mwanangu, kwa sababu yaking'olewa hakuna atakayetafuta ufa. Meno mapya hayana historia. Niliogopa kwamba picha ya mizizi atakayoipiga kesho itaonyesha mkono wangu.

Na kuna lingine dogo kuliko hayo, lisilochekesha. Bidoni ilipoteleza, nilinyoosha mikono miwili. Nilishika bidoni. Wewe ulikuwa umepiga magoti chini, umeziba mdomo, damu inapita katikati ya vidole, na mimi nilikuwa nimekumbatia lita ishirini za mawese nikikaza kifuniko yasimwagike. Pengine ilikuwa sekunde mbili, pengine tatu. Uliinua macho ukaniona. Najua uliniona, na mpaka leo hujamwambia mtu, hata baba yako. Ningeweza kusema mikono ilitangulia akili. Lakini mikono hii nimeifundisha mimi mwenyewe, miaka yote hii, kitu gani cha kudaka kwanza. Nisamehe, Hadija. Nimejaribu kuyasema haya kwa mdomo kila siku tangu siku ile, na kila siku nimesema habari za tembo.

Basi hili ndilo jibu la swali lako. Ningekuwa wewe, ningeyaokoa, kama mizizi inakubali. Ningerudi mara nne, mara kumi, na kila mara ningenuna. Ikiwa la kushoto limepasuka, ningemwacha alitoe hilo moja na kuweka visi bila aibu yoyote, maana visi si aibu. Lakini la kulia lililo zima mzizi nisingekubali liguswe, hata mtu aniambie mawili yatapendeza zaidi.

Lakini mimi si wewe, na mdomo ni wako. Ukiamua vingine, sitasema neno. Najua hiyo ni ahadi kubwa kwa mtu kama mimi, kwa hiyo nimemwomba baba yako anikalie karibu.

Ulisema unataka kuingia kwa daktari peke yako kesho. Nilikasirika, uliona. Leo nasema uko sahihi. Siku ile ulinyamaza kwa heshima, ukaniacha niseme ngazi, niseme juzi. Heshima ile niachie hapa nyumbani, kwa daktari usiende nayo. Ukikaa kwenye kiti, kabla hajapiga picha, vua ushungi mdomoni umwambie: hapakuwa na ngazi. Ilikuwa bidoni ya mawese, nilikuwa nafungua kifuniko kwa meno, mama yangu ndiye aliyenituma, na zilipita siku tisa. Sema jina langu kama akiliuliza.

Kisha nipigie simu, uniambie kilichoonekana kwenye picha. Usinipunguzie.

Mama yako.